Kidonge cha Wanaume kwa Mtoto Mchanga

Mtoto alikuwa mkubwa, mwenye mashavu, aina ya mtoto ambaye wauguzi hupokezana mikononi wakimpongeza mama yake. Siku ile hakuna aliyempongeza mtu. Uchungu wa mama ulikuwa umeanzia Kalehe, ukaendelea ndani ya gari kwenye barabara ya kando ya ziwa, na alipofika kwetu Bukavu ikabidi apasuliwe mara moja. Maji ya tumboni yalitoka ya kijani, na mtoto alikuwa ameyavuta kifuani. Alilia kidogo, akanyamaza, halafu midomo yake ikaanza kuwa ya buluu.

Mimi ni mfamasia. Kazi yangu iko nyuma ya dirisha lenye nondo, kati ya makabati na friji, na watoto wachanga huwa nawajua kwa uzito wao tu, kama daktari alivyouandika. Asubuhi hiyo daktari wa watoto alishuka mwenyewe badala ya kumtuma muuguzi. Ni mwanamke mdogo kuliko mimi, alisomea matunzo ya watoto wachanga ng'ambo, akarudi wakati wenzake wengi walikuwa wanatafuta njia ya kuondoka. Alisimama dirishani akaomba dawa kwa jina lake. Nilidhani nimesikia vibaya, nikamwomba arudie.

Dawa ile kila mtu mjini anaijua. Pale sokoni Kadutu inauzwa na wale wanaotembeza mabeseni ya viwembe na miswaki. Mteja huinama kidogo, muuzaji hutoa kidonge mfukoni, na hakuna anayesema kwa sauti kinachonunuliwa. Ni dawa ya wanaume, ya mambo ya chumbani.

Daktari hakutabasamu. Alinieleza kwa haraka lakini kwa mpangilio, kama mtu aliyekwisha kujieleza mwenyewe njiani. Mtoto akiwa tumboni hapumui, kwa hiyo mishipa ya mapafu yake hukaa imebana. Akizaliwa, mishipa inapaswa kufunguka. Ya mtoto huyu ilikataa. Damu ilikuwa inafika mlangoni pa mapafu na kurudi bila kuchukua hewa, na oksijeni yote ya mashine yetu haikusaidia kitu. Daktari alikuwa ametazama moyo kwa mashine ya picha na kuliona hilo kwa macho. Kwenye hospitali zenye uwezo kuna gesi maalum ya kuvuta, sisi hatuna. Lakini kidonge kile, alisema, kazi yake ni kulegeza mishipa, na mishipa ya mapafu inakisikia. Alikuwa amewaona watoto waliopona nacho.

"Huyu wetu anaenda," aliniambia. "Polepole, lakini anatutoka."

Ndani ya kila sanduku la dawa kuna karatasi nyembamba iliyokunjwa mara nyingi, ambayo watu huitupa pamoja na sanduku. Sisi tunaiita notisi. Inasema dawa ni ya ugonjwa gani, ya mtu wa umri gani, kwa kipimo gani. Daktari anaweza kuitumia dawa nje ya notisi, na havunji sheria akiwa na sababu nzuri. Kwa watoto wachanga tunafanya hivyo mara nyingi kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu dawa nyingi hazikuwahi kujaribiwa kwa mtu mdogo namna hiyo. Lakini nje ya notisi ni nje ya ua wa nyumba. Ukikutana na kitu huko, utakuwa peke yako nacho.

Kwa sababu hiyo hospitali yetu ina kanuni. Zamani kila daktari alikuwa anafanya lake, na mambo yalipoharibika hakuna aliyejua nani aliamua. Sasa dawa ya namna hiyo haitoki kwenye kabati langu mpaka mfamasia athibitishe kipimo na hatari zake, komite ya dawa ikubali, daktari mkurugenzi aruhusu, na familia ielezwe kwa lugha wanayoielewa. Kanuni hiyo niliipigania mimi mwenyewe kwenye mikutano mirefu. Nilikuwa sijawahi kuifikiria nikiwa na mtoto wa buluu ghorofa ya juu.

Vidonge tulikuwa navyo, vya kuaminika, tulikuwa tumemwekea mtu mzima mmoja mgonjwa wa mapafu, ambaye baadaye alihamia Goma. Ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa koti langu. Daktari aliutazama mfuko ule, akanitazama.

Nilimwambia anipe muda wa kusoma. Alijibu kwamba muda ndicho kitu asichokuwa nacho, na akapanda ngazi.

Nilisoma nikiwa nimesimama. Vitabu vyangu na maandiko niliyohifadhi kwenye simu vilikubaliana naye kuhusu dawa, na vyote vilirudia onyo moja: dawa hii hailegezi mishipa ya mapafu peke yake. Inaweza kulegeza mishipa yote, presha ikaanguka, na mtoto akaondoka kwa mlango mwingine. Nilipiga hesabu ya kipimo kwa uzito wake, nikaipiga tena kuanzia nyuma. Kidonge kile kimetengenezwa kwa mwili wa mtu mzima. Kukosea nukta moja kungekuwa kumpa mtoto dawa ya baba yake.

Mkurugenzi alikuwa Minova kwa kazi, na mtandao wa huko huja na kupotea. Nilimpata, nikampoteza, nikampata tena. Nilimweleza kwa sentensi fupi. Akauliza familia inasema nini. Nikamwambia bado haijui. Akasema daktari mpasuaji mkuu ndiye mjumbe mwingine wa komite aliyebaki hospitali. Akikubali huyo, yeye mkurugenzi naye amekubali. Akikataa, tusifanye. Alikuwa anaongeza jambo lingine sauti ilipokatika.

Mpasuaji mkuu ni muzee ambaye ametibu nusu ya mji huu. Tulimkuta anatoka chumba cha upasuaji, tukasimama naye kwenye korido, kofia ya kijani ikiwa bado kichwani. Alimsikiliza daktari wa watoto mpaka mwisho, na jibu lake la kwanza lilikuwa hapana. Alisema ameona dawa nyingi mpya zikiletwa na vijana wenye nia njema, na ameona makaburi. Mtoto akifa kwa ugonjwa, familia italia. Akifa kwa kidonge cha aibu, familia haitarudi hospitalini kamwe, na kijiji chake chote hakitarudi. Daktari alianza kujibu kwa sauti ya juu, kisha akajizuia, mikono yake ikatafuta mifuko ya koti na kuikosa.

Nilionyesha hesabu yangu. Nilisema ninachojua na nisichojua. Muzee aliitazama karatasi kwa muda, akaniuliza mimi, si daktari, kuhusu presha:

"Tension ikianguka, mutafanya nini?"

Daktari akajibu kwamba maji ya mshipani yako tayari, na dawa ya kuupa moyo nguvu itakuwa imevutwa kwenye sindano kabla ya kuanza. Muzee akauliza nani atabaki kando ya mtoto kuangalia, maana muuguzi mmoja alikuwa na watoto chumba kizima. Hilo hatukuwa tumelifikiria.

"Basi mimi nitabaki," akasema. "Ni mimi niko na mashaka, ni mimi nitaangalia."

Hivyo akakubali. Mpaka leo sijamjua mtu mwingine aliyekubali jambo namna hiyo.

Ikabaki familia. Baba alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya chumba cha watoto wachanga, shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha shingo. Alikuwa katekista wa huko kwao Kalehe, mkulima siku nyingine zote. Kando yake alikuwa mama yake mzazi, mwanamke mwembamba aliyesema Kihavu peke yake. Mimi nyumbani nilikua nikisema Mashi, na lugha hizi mbili ni watoto wa nyumba moja, kwa hiyo tuliongea bila mkalimani.

Ningeweza kusema ni dawa ya mapafu, nikaishia hapo. Isingekuwa uongo. Daktari mwenyewe alikuwa amenishauri hivyo ngazini, kwa sababu ya haraka. Lakini mtu akiisikia kweli sokoni baada ya kusikia nusu yake hospitalini, hataniamini tena hata nikimwambia jua linawaka. Nilimwambia baba jina la dawa, na watu wanaitumia kwa nini, na sisi tunataka kuitumia kwa nini, na inaweza kufanya ubaya gani.

Alisikiliza akiangalia sakafu.

"Ile dawa naijua," alisema. "Banaiuzisha ku Kadutu. Iko ya uchafu. Mutoto hata ubatizo hajapata, munataka kumupatia ile?"

Nikasema dawa haijui uchafu, inajua mishipa. Bibi alimshika mkono, akauliza kwa Kihavu ninasema nini, nami nikarudia yote kwake, polepole, nikiona aibu kidogo kwa sababu ni mkubwa kuliko mama yangu. Yeye hakushtuka. Aliuliza tu kama daktari yule mdogo ana watoto. Nikasema anao. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata hesabu yake.

Ndipo baba akainua macho. "Kama angekuwa mutoto yako, maman, ungekubali?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. Ningejibu ndiyo haraka, ningekuwa ninamuuzia. Nilimwambia ningeogopa sana, na ningekubali nikiwa ninaogopa. Nikaongeza kwamba wakikataa, hakuna atakayewakasirikia, na mtoto atatunzwa vilevile kwa tulivyo navyo.

Baba alisema basi tuendelee, ila mke wake asiambiwe. Ametoka kupasuliwa, ana homa ya wasiwasi, na jambo lenyewe si la kumwambia mwanamke kitandani. Hapo nilikataa. Mtoto ana wazazi wawili, nikasema, na mama yake yuko vyumba viwili tu kutoka hapa, macho wazi. Baba alisimama. Kwa muda nilifikiri ataondoka, au atanifukuza. Daktari alikuwa ametoka mlangoni, ananiangalia kwa hasira isiyofichika, kwa sababu kila neno langu lilikuwa pumzi ya mtoto. Nilijua hilo. Nilikwenda hata hivyo.

Mama alikuwa amelala chali, kitenge kimemfunika mpaka kifuani, uso umekauka. Kabla sijafungua mdomo akauliza:

"Juu ya nini munanificha? Mutoto amekufa?"

Nilimwambia yuko hai. Nikamweleza yote, kwa maneno machache kuliko niliyompa mume wake, aliyekuwa amesimama nyuma yangu akigeukia dirisha. Alisikiliza akifunga macho. Nilipofika kwenye jina la dawa na matumizi yake hakuonyesha kitu chochote, kama vile nimetaja chumvi. Aliuliza kama itamuumiza mtoto. Nikasema haitamuumiza, lakini inaweza kumlegeza sana. Akauliza nani atakuwa karibu naye. Nikamwambia habari ya muzee.

"Yule aliyenipasua?"

"Ni yeye."

"Mumupatie," akasema. Kisha, bila kufungua macho, akamwambia mume wake aende akakae pale mutoto iko, asikae kwenye benchi kama mgeni.

Nilirudi kwenye chumba changu cha dawa. Nilisaga kidonge kwenye kinu kidogo mpaka kikawa unga usio na chembe, nikakichanganya na maji safi, nikavuta kiasi kidogo ambacho hata kijiko cha chai kingekitia aibu. Mwenzangu wa dawa alipima upya bila kuona hesabu yangu, na namba yake ikalingana na yangu. Tulitumia sindano isiyo na ncha, ya rangi tofauti, ili mtu asije akaichomeka kwenye mshipa kwa makosa. Niliipandisha mwenyewe nikiishika kwa mikono miwili.

Mtoto alikuwa chini ya taa ya joto, mrija puani, mwingine mdomoni mpaka tumboni. Alikuwa na kifaa chenye mwanga mwekundu kwenye mkono wa kulia na kingine mguuni, vinavyosema damu imebeba hewa kiasi gani. Mkono ulikuwa na namba mbaya, na mguu namba mbaya zaidi. Muzee alikuwa amevuta kiti, amekunja miguu, miwani kwenye ncha ya pua. Daktari alisukuma dawa kwenye mrija wa tumboni.

Nilipaswa kushuka, kulikuwa na wagonjwa dirishani kwangu. Sikushuka.

Mwanzoni hakuna kilichobadilika. Nje mvua ilianza kupiga bati, ile mvua ya Bukavu inayofuta sauti zote. Kisha muzee akaegemea mbele. Alikuwa anatazama namba ya presha, na namba ilikuwa inashuka. Haikuanguka, ilishuka kama mtu anayeshuka ngazi gizani, akitafuta kila kipandio. Daktari alifungua maji. Yakaingia. Namba ikashuka tena. Ngozi ya mtoto, iliyokuwa ya buluu, ikaanza kuwa ya majivu, na nikakumbuka sentensi ile ya onyo neno kwa neno, hata nukta zake. Nilijiuliza kama nimesaga vizuri, kama maji yalikuwa sawa. Baba alikuwa ameegemea ukuta. Midomo yake ilikuwa inatembea.

Umeme ukakatika wakati huohuo. Mashine ya oksijeni ilinyamaza, na kimya chake kilikuwa kizito kuliko mvua. Muuguzi alikimbilia chupa kubwa ya oksijeni ya akiba, akafungua, akahamisha mrija. Daktari akashika sindano ya dawa ya moyo. Muzee aliinua kidole kimoja, akaweka vidole vya mkono mwingine kwenye paja la mtoto, pale mshipa unapopiga, akafumba macho. Tulimsubiri. Daktari alikuwa anapumua kwa mdomo.

"Ungoje," akasema muzee. "Iko. Iko napiga."

Jenereta ikawaka upande wa pili wa ua. Namba zilirudi kwenye kioo moja moja. Presha ilikuwa imesimama, chini, lakini imesimama. Muzee hakuondoa vidole vyake. Baadaye kidogo namba ya mkono ikapanda, ikarudi, ikapanda tena. Ya mguu iliifuata kwa mbali. Daktari hakufurahi, wala mimi. Kwa watoto wachanga mtu hujifunza kutofurahi mapema. Lakini aliirudisha sindano ya moyo kwenye sahani.

Nilishuka kuandaa dozi iliyofuata. Watu dirishani walinilalamikia, na walikuwa na haki.

Iliendelea hivyo, dozi baada ya dozi, na mbili kati yake tuliziahirisha kwa sababu presha haikuturidhisha. Asubuhi ya pili midomo ya mtoto ilikuwa ya waridi. Mama yake aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, akaweka kidole kwenye kiganja cha mtoto, naye akakikamata. Daktari alitoka nje kwenye varanda akakaa huko. Mimi naye hatukuzungumza papo hapo kuhusu ule muda niliouchukua kwa mama. Siku chache baadaye alikuja dirishani kuomba dawa nyingine za kawaida, akasema bado anaona nilihatarisha maisha. Nikamwambia huenda ni kweli. Sijui hata sasa. Tumebaki kuwa watu wanaofanya kazi vizuri pamoja, na jambo hilo likiwa katikati yetu.

Familia ilirudi Kalehe na mtoto mzito anayenyonya. Ningependa hadithi iishie barabarani hapo.

Kwenye msimu wa kiangazi mwanamke mmoja alikuja dirishani kwangu kutoka Kadutu, mtoto mgongoni. Alisogea karibu na nondo akasema kwa sauti ya chini kwamba anatafuta ile dawa ya katekista. Sikumwelewa. Akaeleza: kuna katekista wa Kalehe aliyesimama kanisani na kumshukuru Mungu, akasema mtoto wake alikuwa anakufa kwa kifua akapona kwa kidonge cha wanaume, na kwamba hakuona haya kukitaja. Dada wa mwanamke huyu alikuwa misani siku hiyo. Sasa mtoto wake mwenyewe, huyu wa mgongoni, anakohoa, anapumua haraka.

Nilimuuliza kama amekwisha kumpa kitu. Alifungua fundo kwenye ncha ya kitenge, akatoa kipande cha kidonge, nusu, kingo zake zimelika, cha wale wauzaji wa mabeseni.

"Nilingoja nikuulize kwanza," akasema.

Nilitoka nyuma ya dirisha. Ni jambo nisilolifanya. Mbavu za mtoto zilikuwa zinavutwa ndani kila anapopumua, mwili unawaka, na hata mimi nisiye daktari nilitambua nimonia, inayotibiwa kwa dawa ya kawaida. Kidonge kile kingeweza kumuua kabla ya jioni, au kisifanye lolote kama kilikuwa chokaa tupu. Nilimwomba anipe. Alisita, akaniuliza kwa nini kiwe kizuri kwa mtoto wa Kalehe na kibaya kwa wake.

Lilikuwa swali la haki, na lilihitaji jibu refu kuliko pumzi za mtoto yule zilivyoruhusu. Nilimwambia yule alikuwa na ugonjwa mwingine unaofanana na huu kwa jina la kifua tu, na kwamba nitamweleza yote tukiwa juu, mtoto akiwa na oksijeni. Akaniwekea nusu ile mkononi. Nilimbeba mtoto, tukapanda ngazi, mama yake mbele, mimi nyuma.

Daktari alimpokea. Nilipohakikisha wameanza kumpa oksijeni na dawa, niliketi na mama kwenye benchi na kumweleza kama nilivyoahidi, nikianzia mishipa ya mtoto akiwa bado tumboni.